Matamasha ya Utalii Unguja na Kauli ya Wenyeji

Zanzibar huuza bahari, historia na, kwa miaka ya karibuni, matamasha. Mwaka 2023 ilipokea watalii zaidi ya 638,000, ilhali sensa ya 2022 ilihesabu wakazi wapatao milioni 1.9, karibu wote Waislamu. Hapo ndipo mivutano kuhusu stara, pombe na muziki wa usiku inapozaliwa.

Mvutano mmoja uliovuma ni wa 2006. Freddie Mercury, mwimbaji aliyezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, angekuwa ametimiza miaka 60, na sherehe ya kumkumbuka ikapangwa ufukweni. Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu iliipinga kwa sababu msanii huyo alijulikana kwa mapenzi ya jinsia moja, jambo ambalo Zanzibar ilikuwa imelitungia sheria kali mwaka 2004. Sherehe ikafutwa. Hata hivyo, mwaka 2019 makumbusho ya Mercury yalifunguliwa mjini humo humo. Jina ni lile lile. Tofauti ni kwamba makumbusho ni biashara ya ndani ya nyumba, si shangwe ya hadharani.

Wataalamu wa utalii husema mkazi hupima anachopata na anachopoteza. Kipimo hicho ni cha kweli, ila hakitoshi. Katika sherehe za mbalamwezi za ufukwe wa Kendwa, dereva wa teksi hupata abiria, na jirani asiye na kazi hotelini huambulia kelele za usiku. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004 na kuzoeleka Ngome Kongwe, huwatoza Watanzania kiingilio cha chini kuliko wageni, na wauza vyakula wa Forodhani wako hatua chache tu kutoka mlangoni. Faida yake inaonekana mtaani.

Kuna jambo lisilopimwa kwa fedha: nani mwenye shughuli. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya kijiji cha Makunduchi, una vurumai ya kutosha, wanaume wakichapana kwa migomba na kibanda kikichomwa moto, na watalii huja kuutazama. Lakini tarehe, mila na uwanja ni vya wana-Makunduchi. Mtalii ni mgeni wao, na kumkirimu mgeni siku hiyo ni sehemu ya mila.

Mwandaaji anayetaka tamasha lake lidumu aanzie kwa sheha na wazee wa mtaa, kabla ya kuuza tiketi ya kwanza.