Mwenye fedha kidogo asinunue baiskeli ya gia kwa macho

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

WAHENGA walisema rahisi huvunja upishi. Usemi huo humrudia akilini mtu aliyedunduliza fedha kwa miezi kadhaa, akanunua baiskeli ya gia inayong’aa kama gari la harusi, kisha kabla mwaka haujaisha akaiona imeegemezwa ukutani, springi zimelala, gia zinaruka, na kila fundi anayeitwa anatikisa kichwa.

Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa waliofikwa na hayo. Miaka kadhaa iliyopita alinunua katika duka moja jijini baiskeli mpya yenye springi mbele na nyuma, breki za diski na maandishi makubwa ubavuni. Mwezi wa nne kiungo kinachoshika springi ya nyuma kilianza kucheza. Mwezi wa sita kilikatika barabarani na kumwangusha hatua chache kutoka kwenye tairi la daladala. Hakuumia sana, lakini baiskeli ile iliishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ikapimwa kwa kilo.

Kwa mwanafunzi, kibarua au mwalimu anayefundisha mbali na nyumbani, hasara ya namna hiyo si ndogo. Zaidi ya fedha, kifaa kibovu kinaweza kumgharimu mtu mguu au maisha. Ndiyo maana ni vema anayekusudia kununua baiskeli ya milimani ajue nini cha kutazama kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Baiskeli inayozungumziwa

Baiskeli za milimani zimegawanyika katika makundi makuu matatu. Zipo zisizo na springi kabisa, zipo zenye springi mbele pekee, na zipo zenye springi mbele na nyuma. Kundi la pili, ambalo baadhi ya wauzaji huliita haditeli, ndilo linalomfaa zaidi mtu mwenye fedha kidogo anayepita barabara za vumbi, mashimo na vilima.

Sababu yake ni nyepesi. Springi ya nyuma huhitaji viungo vinavyojikunja, na kila kiungo kina beringi au bushi inayochakaa. Kutengeneza viungo hivyo vikawa imara na vyepesi kwa pamoja ni kazi ya gharama kubwa. Kiwanda kinapotaka kuuza baiskeli ya springi mbili kwa bei ya chini, hakina budi kupunguza ubora mahali fulani, na mara nyingi hupunguza kila mahali. Isitoshe, springi duni ya nyuma hunesa kila unapokanyaga pedali, ukawa unatumia nguvu kuibonyeza badala ya kusonga mbele.

Historia nayo inatoa ushahidi. Katikati ya miaka ya 1970, vijana wa Marin County katika jimbo la California, Marekani, walikuwa wakishindana kuteremka milima kwa baiskeli kuukuu nzito. Mwaka 1977 Joe Breeze alianza kutengeneza fremu maalumu kwa kazi hiyo, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza kwa wingi baiskeli iliyoitwa Stumpjumper. Baiskeli hizo za mwanzo hazikuwa na springi hata moja, na milima zilipanda.

Mpya au ya mtumba?

Hili ndilo swali la kwanza la mnunuzi. Kwa kiasi kile kile cha fedha, baiskeli iliyotumika ya daraja la kati, ikiwa haijachakaa sana, mara nyingi huwa bora kuliko mpya ya daraja la chini kabisa. Fremu yake huwa nyepesi, gia zake huingia sawasawa, na vipuri vyake hufunguka na kufungwa upya.

Hata hivyo, baiskeli ya mtumba haina mwenye kuibebea dhamana. Mpya inaweza kurudishwa dukani ikiwa na kasoro. Ya mtumba ukishaipeleka nyumbani ni yako na maradhi yake. Kwa hiyo anayenunua ya mtumba sharti aikague kwa saa nzima mchana kweupe, na ikiwezekana afuatane na fundi anayemwamini. Asiyekuwa na fundi wala muda wa kukagua ni afadhali anunue mpya isiyo na mapambo.

Katika kukagua, kanuni ya kushika ni moja: tazama kwanza vitu ambavyo ni vigumu kubadilisha, yaani fremu, foki na magurudumu. Raba za breki, waya, tairi, mnyororo na kiti ni vitu vya kununua baadaye, kimoja kimoja.

Fremu kwanza

Fremu nyingi huwa za chuma au za aluminiamu. Ili kuzitambua, chukua kipande cha sumaku kutoka katika spika mbovu ya redio. Ikinasa kwenye fremu, hiyo ni ya chuma. Isiponasa, kwa kawaida ni aluminiamu. Chuma ni kizito na hushika kutu, hasa katika miji ya pwani yenye hewa ya chumvi, lakini kikipata ufa fundi wa kuchomelea anaweza kukiokoa. Aluminiamu ni nyepesi na haipati kutu nyekundu, ila ikipasuka haitengenezeki mtaani. Hata ikichomelewa, sehemu iliyopata moto hupoteza nguvu mpaka ipitishwe tena kwenye joto maalumu kiwandani.

Pitisha kidole na macho kwenye kila maungio, hasa chini ya usukani, pale bomba la chini linapokutana na kichwa cha fremu. Rangi iliyokunjamana au kupasuka mahali hapo ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu kwa nguvu. Iache, hata ikiwa bei yake ni ya kutupwa.

Jambo la pili ni nguzo ya kiti. Ifungue na ujaribu kuipandisha na kuishusha. Nguzo ya aluminiamu iliyokaa miaka mingi ndani ya fremu ya chuma hunasa kama iliyochomelewa, na kuitoa huweza kuharibu fremu. Muuzaji akisema italegea yenyewe, mwombe ailegeze ukiwa hapo hapo.

Aidha, geuza baiskeli na usome namba iliyogongwa chini ya ekseli ya pedali. Ikiwa imekwanguliwa, huenda kuna jambo linafichwa. Dai hati ya mauziano yenye namba hiyo na jina la muuzaji, kwani kupokea mali huku ukijua ni ya wizi ni kosa la jinai.

Springi ya mbele

Shika breki ya mbele, kisha sukuma usukani mbele na nyuma. Ukisikia kitu kinagonga, ama gololi za usukani zimelegea, jambo linalorekebishika, ama foki imechakaa ndani, jambo ambalo kwa foki ya bei ya chini halina tiba ila kununua nyingine. Ili kutofautisha, zungushia vidole pale mabomba yanayong’aa yanapoingia katika sehemu ya chini. Mchezo ukiwa hapo, foki ndiyo imekwisha.

Halafu egemea usukani kwa uzito wako. Foki nzima hushuka taratibu na kupanda. Isiyoshuka kabisa imeganda kwa kutu. Inayoshuka na kubaki chini imekufa. Ikumbukwe kwamba foki duni ya springi ni nzito na husaidia kidogo tu. Ukikuta baiskeli yenye fremu na magurudumu mazuri lakini foki yake ni ngumu isiyo na springi, usiidharau. Tairi pana lisilojazwa upepo kupita kiasi linaweza kupunguza mtikisiko mwingi kwa gharama ndogo.

Breki zisikudanganye

Diski huvutia macho, lakini diski za bei ya chini ni ngumu kurekebisha na pedi zake hazipatikani kila duka. Breki za kubana rimu, zile za mikono miwili mirefu, husimamisha baiskeli vizuri katika hali ya kawaida, na raba zake hubadilishwa na fundi yeyote chini ya mti. Udhaifu wake ni tope na maji, ambavyo hupunguza nguvu zake na kula rimu. Papasa ubavu wa rimu. Ukiwa umebonyea kama kijiko, rimu hiyo iko karibu kupasuka.

Ikiwa breki ni za mafuta, uliza ni mafuta gani. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Ukizijaza mafuta ya breki ya gari, mipira yake ya ndani huharibika na breki huweza kushindwa kushika bila taarifa.

Gia na mnyororo

Wingi wa gia si ubora. Baiskeli ya gia 21 inaweza kuwa duni kuliko ya gia tisa. Kwa miaka mingi vifaa vya Shimano vya baiskeli za milimani vimepangwa kuanzia Tourney, kisha Altus, Acera, Alivio na Deore kwenda juu. Tahadhari na ujanja wa baadhi ya watengenezaji wa kufunga kifaa kizuri nyuma, mahali panapoonekana, huku sehemu nyingine zote zikiwa dhaifu.

Kupima mnyororo hakuhitaji mtambo, bali rula ya mwanafunzi yenye inchi 12. Weka sifuri katikati ya pini moja na uhesabu. Pini ya 25 inapaswa kuangukia kwenye inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, mnyororo umechoka na unahitaji kubadilishwa. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane, elewa kwamba huenda meno ya gia nayo yamekwisha. Hilo litumie katika kupatana bei.

Magurudumu na tairi

Inua gurudumu, lizungushe na utazame nafasi kati ya rimu na raba ya breki. Likiyumba kidogo, fundi atakaza spoki. Likiyumba sana, rimu imepinda. Kisha shika tairi na ulitikise kushoto na kulia. Mchezo mdogo hurekebishwa kwa kukaza gololi, lakini ikiwa ekseli ya nyuma inazunguka kwa kuyumba, imepinda. Tatizo hilo huzipata zaidi baiskeli zenye friwili ya kukazwa kwa nyuzi, kwa sababu gololi za upande wa gia hukaa mbali na ncha ya ekseli. Anayebeba mizigo atafute gurudumu la kaseti.

Vipimo vya magurudumu navyo vina mtego. Baiskeli nyingi za zamani ni za inchi 26. Baadaye zikaja 27.5 na 29. Mtu anaweza kudhani kwamba tairi la 28 la baiskeli kubwa za kizamani, kama Phoenix, litavutwa kidogo liingie kwenye rimu ya 29. Sivyo. Rimu ya 28 x 1½ ina kipimo cha milimita 635 mahali tairi linapokaa, wakati ya 29 ina milimita 622. Kabla ya kununua, zunguka madukani unakoishi na uulize ni saizi gani ya tairi na tyubu inayopatikana. Baiskeli nzuri isiyo na tairi mtaani kwako ni pambo.

Ikutoshe mwenyewe

Simama ukiwa umelipanua bomba la juu, viatu miguuni. Pabaki nafasi ya sentimita tano au zaidi kati yako na bomba hilo. Kisha keti na uweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Goti linapaswa kunyooka. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti litakunjwa kidogo tu. Kiti kinapandishwa na kushushwa, lakini fremu kubwa kupita kimo chako haipunguzwi na fundi yeyote.

Gawa fedha kabla ya kutoka nyumbani

Kosa la mwisho ni kumaliza fedha zote kwenye baiskeli. Chukua mfano wa mtu mwenye shilingi 400,000. Ni busara atenge 300,000 za kununulia, 60,000 za kubadilisha waya, raba za breki, mnyororo na grisi, na 40,000 za pampu, kufuli na kuanza kujiwekea akiba ya kofia ngumu. Baiskeli ya mtumba isiyofanyiwa matengenezo wiki ya kwanza huyadai kwa riba mwezi wa tatu.

Baada ya ukaguzi wote, omba kuiendesha, si kuzunguka uani tu, bali kupanda kilima na kushuka. Badilisha gia zote, shika breki ghafla na uachie usukani kidogo uone kama inavuta upande mmoja. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Anaweza kutaka umwachie fedha au kitambulisho mpaka urudi, na hiyo ni haki yake. Anayekataa kabisa usijaribu, mshukuru na uende zako. Baiskeli nyingine zipo.