DALILI YA MVUA NI MAWINGU: NAMNA YA KUGUNDUA KWA MACHO UVUJAJI WA VIMIMINIKA VYA HATARI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaelezwa katika ukurasa huu namna ya kutambua kwa macho kwamba mafuta, asidi au kimiminika kingine cha hatari kinavuja au kimemwagika. Elimu hii si ya mafundi peke yao. Mlinzi wa ofisi, dereva, karani wa ghala, mwalimu wa maabara ya skuli na mama wa nyumbani, kila mmoja ana sehemu yake.

Ikumbukwe kwamba mwezi wa Mei 2008 umeme uliokuwa ukija Unguja kutoka Tanzania Bara ulikatika kwa takriban mwezi mmoja, na mwezi wa Disemba 2009 ulikatika tena kwa takriban miezi mitatu. Katika vipindi hivyo jenereta ziliingia maofisini, mahotelini, madukani na majumbani, na pamoja nazo yaliingia madumu ya petroli na mapipa ya dizeli. Aidha, umeme wa jua umeleta betri zenye asidi, na majiko ya gesi yameleta mitungi. Vitu hivi vina manufaa makubwa. Hata hivyo, kila chombo kinachohifadhi kimiminika kina siku yake ya kuvuja, na la muhimu ni kuiona siku hiyo mapema.

ARDHI YETU NA MAJI YETU

Sehemu kubwa ya ardhi ya Unguja, hasa upande wa mashariki na kusini, ni jiwe la matumbawe. Jiwe hili lina matundu na nyufa nyingi, na maji ya mvua hupenya humo upesi bila ya kuchujwa vya kutosha. Maji hayo ndiyo tunayoyateka visimani. Kwa hivyo, kinachomwagwa juu ya jiwe leo huweza kufika kisimani kesho.

Jambo hili lilithibitishwa zamani huko Ujerumani, katika nchi yenye mawe ya chokaa yenye nyufa kama haya yetu. Mwaka 1877 Profesa Adolf Knop alitia kilo 10 za rangi iitwayo fluoresini katika Mto Danube, karibu na Immendingen, mahali ambapo maji ya mto huo huzama ardhini. Baada ya takriban saa 60, chemchemi ya Aach, iliyo umbali wa kilomita 12 hivi, ilitoa maji yenye rangi ya kijani inayong'aa. Hapo watu waliona kwa macho yao njia ambayo maji yalipita chini ya ardhi. Petroli iliyomwagika nayo hufuata njia za namna hiyo, ila haitangazi safari yake kwa rangi ya kijani.

Wala mtu asidharau tone. Tukikadiria kuwa matone 40 ya mafuta hufanya mililita moja, bomba linalodondosha tone moja kwa kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 2 kwa siku na zaidi ya lita 60 kwa mwezi. Hayo ni madumu matatu ya lita 20 yaliyomiminwa ardhini bila ya mtu kutia sahihi.

DALILI ZINAZOTOLEWA NA KIMIMINIKA CHENYEWE

Dalili ya kwanza ni utando juu ya maji. Mafuta yakiangukia maji hutandaa na kufanya ngozi nyembamba yenye rangi za upinde wa mvua. Rangi hizo hazimo ndani ya mafuta. Hutokea kwa sababu mwanga hurudishwa na uso wa juu na pia uso wa chini wa utando huo, na mianga hiyo miwili hukutana. Mataifa yanayopakana na Bahari ya Kaskazini ya Ulaya, chini ya Mkataba wa Bonn, yana kipimo cha kukadiria wingi wa mafuta kwa kutazama rangi zake. Utando wa rangi ya fedha huwa na lita 40 hadi 300 kwa kilomita moja ya mraba. Wenye rangi za upinde wa mvua, lita 300 hadi 5,000. Na ule unaong'aa kama bati, lita 5,000 hadi 50,000. Funzo lake ni kwamba rangi nzuri si dalili ya mafuta mengi. Pale rangi zinapotoweka na weusi wa mafuta ukaonekana wenyewe, ndipo mafuta yamekuwa mazito. Hata hivyo, utando mwembamba una asili yake, na asili hiyo haina budi kutafutwa.

Wananchi wanatanabahishwa kwamba si kila utando ni mafuta. Katika mabwawa, mikoko na visima vya zamani kuna vijidudu vinavyoishi kwa madini ya chuma, navyo hufanya utando wenye rangi kama hizo. Njia ya kutofautisha ni rahisi. Uguse utando kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande kama kioo na vipande vikabaki mbali mbali, kwa kawaida hiyo ni kazi ya vijidudu. Ukizunguka kijiti kisha ukarudi kuungana, hayo ni mafuta, na maji yale yasitumiwe mpaka yapimwe.

Dalili ya pili ni alama chini ya gari. Madereva wa Serikali wanashauriwa kutandika karatasi ngumu au kipande cha boksi chini ya gari linapolala, na kukitazama asubuhi. Weusi au hudhurungi ni oili ya injini. Rangi nyekundu kwa kawaida ni mafuta ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Kijani au waridi ni maji ya rejeta yaliyotiwa dawa. Dawa hiyo mara nyingi ni sumu yenye ladha tamu, na watoto na wanyama wasiachwe kuyakaribia. Majimaji meupe au ya manjano hafifu yenye utelezi, yakionekana karibu na gurudumu, huenda yakawa mafuta ya breki, na gari hilo lisiondoke hata hatua moja. Maji safi yanayotoka kwenye kiyoyozi hayana neno.

Dalili ya tatu ni ukungu wa unga kwenye betri. Unga mweupe au wa kijani na buluu unaoota kwenye vichwa vya betri huonesha kwamba asidi au mvuke wake unatoka. Pahala palipomwagika asidi kidogo panyunyiziwe magadi ya kupikia kidogo kidogo, kwa mikono iliyovaa glavu. Povu litatoka, likiendelea, asidi bado ipo, na likikoma baada ya kuongeza magadi, asidi imekwisha nguvu. Hivyo magadi ni dawa na ni kipimo kwa wakati mmoja.

Dalili ya nne ni majani. Pahala penye tangi lililozikwa, majani yakikauka pande moja wakati pande nyingine yamestawi, fundi aitwe.

DALILI ZINAZOWEKWA NA BINADAMU

Vimiminika vingine havina rangi, au huvuja mahali pasipoonekana. Kwa hali hiyo wataalamu wamebuni njia za kuvifanya vijioneshe.

Nyingi katika njia hizo ni za gharama ndogo. Mafundi wa matangi hupaka maji ya chaki au chokaa upande mmoja wa maungio ya chuma na kuyaacha yakauke, kisha upande wa pili hupaka mafuta ya taa. Penye tundu, hata likiwa dogo kama ncha ya sindano, doa jeusi huchomoza juu ya weupe. Kwa mantiki hiyo hiyo, sakafu ya ghala ikipakwa rangi nyeupe, tone la kwanza la oili halitajificha.

Kwa mitungi ya gesi, ambayo ndani yake gesi imo katika hali ya kimiminika, maungio yapakwe povu la sabuni. Mapovu yakifura, gesi inatoka. Ni marufuku kwa mwenye akili kutafuta uvujaji wa gesi kwa kibiriti.

Akina mama wanajua kwamba doa la mchuzi wa manjano likipakwa sabuni hugeuka jekundu. Sababu yake ni kwamba manjano hubadilika rangi yanapokutana na vitu vya jamii ya magadi, chokaa na kostiki soda. Karatasi nyeupe iliyochovywa katika manjano yaliyokorogwa kwa spiriti, kisha ikaanikwa kivulini, hugeuka nyekundu iliyoiva ikiguswa na majimaji ya kostiki. Karatasi iliyokwisha kuwa nyekundu, ikiguswa na asidi, hurudi rangi ya manjano. Katika maabara hutumiwa karatasi ya litmasi, ambayo asidi huifanya nyekundu na kostiki huifanya buluu. Katika viwanda vya kemikali, vifuniko vya maungio ya mabomba huwekewa kiraka chenye dawa ya namna hiyo, ili mpita njia aone rangi imegeuka kabla ya asidi kumrukia.

Kwa matangi ya mafuta ipo dawa nzito kama marhamu inayopakwa kwenye fimbo ya kupimia. Hubadilika rangi pale tu inapoguswa na maji. Tangi lililozikwa karibu na pwani likionesha maji yanayoongezeka kila wiki, na kifuniko chake ni kizima, kuna shaka kubwa kwamba limetoboka, kwani tundu linaloingiza maji leo litatoa mafuta kesho. Matangi ya kisasa hujengwa kwa kuta mbili, na baina yake hutiwa kimiminika cha rangi kinachoonekana katika chupa ya kioo juu ya tangi. Kiwango kikishuka, ukuta mmoja umetoboka, wa ndani au wa nje, lakini mafuta bado hayajafika ardhini.

Kuhusu transfoma, mwananchi akiona michirizi ya mafuta iliyoshika vumbi kwenye mwili wa chombo, asikaribie, bali atoe taarifa kwa Shirika la Umeme. Mafuta ya transfoma si ya kukaangia wala ya kujipaka. Baadhi ya transfoma za zamani zina kemikali za PCB, ambazo ni miongoni mwa sumu zilizotajwa katika Mkataba wa Stockholm wa 2001.

DALILI ISIYO NA MTAZAMAJI

Tarehe 11 Disemba 2005, katika ghala la mafuta la Buncefield nchini Uingereza, tangi moja lilikuwa likijazwa petroli usiku. Ilipofika kiasi cha saa tisa usiku, kipimo cha tangi kilikwama. Petroli iliendelea kuingia, lakini kipimo kikaonesha kwamba kiwango hakibadiliki. Swichi ya pili, iliyowekwa ili kufunga mafuta tangi likijaa, nayo haikufanya kazi. Petroli ikafurika juu ya tangi. Saa kumi na moja na dakika 38 alfajiri kamera za ulinzi zilirekodi ukungu mweupe ukivuka ukuta wa kuzuia mafuta na kutambaa chini. Saa kumi na mbili na dakika moja ulitokea mripuko mkubwa. Watu 43 walijeruhiwa, na moto uliendelea kwa siku kadhaa.

Ukungu ule ulikuwa dalili ya wazi, na kutoka kuonekana kwake hadi mripuko zilipita dakika 23. Kasoro haikuwa ukosefu wa ala. Ala zilikuwapo, zikaaminiwa, na hakuna aliyeulizwa kwa nini tangi linalojazwa halijai. Rangi, kioo na karatasi havilindi ofisi. Mtu aliyepewa kazi ya kuvitazama ndiye anayeilinda.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Kwa hivyo, wakuu wa maofisi, skuli, vituo vya afya na mahoteli wanashauriwa kama ifuatavyo:

(a) Ateuliwe mtu mmoja kwa jina, na wa pili wa kushika nafasi yake, wa kukagua matangi, mapipa na betri kila siku, na aandike katika daftari tarehe, kiwango na alichokiona. Kiwango kisichobadilika pale kinapopaswa kubadilika nacho ni dalili.

(b) Mapipa na madumu yawekwe juu ya sinia au kizingiti cha saruji, mahali penye mwanga na hewa, mbali na kisima na mtaro.

(c) Kimiminika cha hatari kisitiwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Kila chombo kiandikwe jina la kilichomo.

(d) Dawa ya klorini isiwekwe pamoja na asidi, kwani vikichanganyika hutoa gesi ya sumu.

(e) Ikionekana dalili ya petroli, moto na taa za kuwasha zizuiliwe na watu wasogezwe upande unaotoka upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hutambaa chini na kujaa katika mashimo. Mtu asionje, asinuse kwa karibu wala asiguse kwa mkono mtupu.

(f) Mafuta yaliyomwagika yazuiwe kwa mchanga mkavu, yazolewe, na yasisukumwe kwa maji kuelekea mtaroni.

(g) Taarifa ipelekwe bila ya kuchelewa kwa Sheha wa shehia na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Iwapo kisima au chemchemi ipo karibu, Mamlaka ya Maji na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira nazo ziarifiwe.

Anayetoa taarifa ya tone asionekane kuwa mwenye hofu au mchongezi. Ofisi inayomkejeli leo itamkosa siku ambayo lile tone litakuwa pipa zima, na kisima kilichoingia petroli hakisafishiki kwa kuchotwa. Ni wajibu wetu sote kutazama, kuandika na kusema mapema.