Mate ya mbwa, jeraha na mawe ya watoto wetu

Jioni moja baada ya Magharibi mama mmoja alimleta zahanati mwanawe wa miaka 8, kang'atwa na mbwa mguuni. Jeraha lilijaa udongo. Nilipouliza, akajibu: “Daktari, si tumefundishwa kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo?”

Tumefundishwa, naam, hata mimi nimeisoma madrasa. Lakini jeraha bichi halisuguliwi udongo, kwani udongo huweza kuingiza pepopunda. Lioshe pale pale kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha mkimbize mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo achanjwe. Suala la tohara muulize sheikh wako baadaye. Dini yetu haikumtwisha mgonjwa linalomdhuru. Usingoje dalili. Kichaa cha mbwa aghalabu hukaa kimya mwilini miezi miwili au mitatu, na mtu akishaanza kuogopa maji, karibu kila mara ni mauti.

Sasa, mtoto yule aling'atwaje? Alikuwa na wenzake wakimrushia mawe mbwa mwenye watoto, nyuma ya bucha. Watu wazima walikuwepo, wakicheka. Ndugu yangu, najisi ni hukumu ya tohara, si ruhusa ya kutesa. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya aliyesamehewa madhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Wengine husema watiliwe sumu, waishe. Hawaishi. Maadamu matumbo ya bucha na majalala yako wazi, watakuja wengine, na huenda uliowaua ndio waliokuwa wamechanjwa. Kinachokata ugonjwa huu ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Pemba, kisiwa ambacho wakazi wake karibu wote ni Waislamu, waliuondoa mwaka 2014. Ukarudi 2016, wakachanja tena mbwa, na 2018 ukatoweka.

Na tusijidanganye kwamba mbwa hawa hawana wenyewe. Wengi ni wetu: mchana wanazurura, usiku wanalinda shamba na duka. Bwana mifugo akitangaza siku ya chanjo, mfunge wako kamba umpeleke. Unaogopa mate? Chukua kamba ndefu.

Mtoto yule alimaliza sindano zake zote, alhamdulillah. Mbwa bado yuko nyuma ya bucha na watoto wake, na hakuna aliyechanjwa.