Malisho ya Arawla Hayapangwi Nairobi

Mwaka 1996 wakazi wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu kushtaki kwa ajili ya swala. Mnyama huyo hakuwa amevunja ua wala kula shamba la mtu. Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilikuwa likimkamata na kumsafirisha hadi Tsavo Mashariki ili asitoweke duniani, na wenyeji wakasema haondoki. Kesi hiyo, ya Abdikadir Sheikh Hassan na wenzake dhidi ya KWS, imo kwenye kumbukumbu za sheria hadi leo. Mahakama iliwapa wenyeji zuio: wajibu wa shirika ni kuwatunza wanyama katika hali yao ya asili, si kuwang'oa kwao, na kwa mila, mwenye haki ya kutumia ardhi ana haki pia ya mazao yake, wanyama na mimea wakiwemo, isipokuwa sheria iseme vingine.

Baadhi walikuwa wamekwisha kuhamishwa, na kizazi chao kiko Tsavo. Waliosalia wako Ijara, huko huko Garissa, kwa sababu watu walikataa.

Vitabuni swala huyu anaitwa hirola, na jina lake la kisayansi, Beatragus hunteri, linamkumbuka mwindaji Mwingereza aliyempiga risasi karibu na Mto Tana mwishoni mwa karne ya 19. Wasomali wanamwita arawla, na Hifadhi ya Arawale imechukua jina hilo. Ni wa ukoo wa kongoni na nyamera, rangi ya mchanga, mwenye mstari mweupe unaozunguka macho kama miwani na tezi nyeusi chini ya kila jicho. Kwa mbali utaapa ana macho manne. Ndiye pekee aliyebaki katika jenasi yake, kwa hiyo akiondoka hakuna ndugu wa karibu wa kushika nafasi yake.

Katika miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa 14,000 hivi. Kati ya 1983 na 1985 ukame na ugonjwa wa sotoka viliwafyeka. Leo wako chini ya 500. Lakini sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na ng'ombe wa Garissa wamepungua na kuongezeka mara kadhaa tangu hapo. Kwa nini arawla hajarudi?

Jibu liko chini ya miguu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ukiongozwa na Abdullahi Hussein Ali, mtoto wa Garissa aliyesomea shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, ulionyesha kwamba miti katika eneo la asili la arawla iliongezeka kwa asilimia 251 kati ya 1985 na 2012. Msomaji wa mjini atafurahi: miti zaidi, si ndiyo tunayohimizwa kila siku? Hapana. Arawla ni mnyama wa nyasi fupi na uwanda ulio wazi, na kichaka cha miiba kwake ni njaa, tena ni maficho ya simba.

Tembo walipouawa na majangili, hakukubaki wa kuangusha miti. Mifugo ilipokaa mahali pamoja muda mrefu, nyasi zililiwa kabla ya kutoa mbegu. Mbuzi wakala maganda ya migunga na kuzisambaza mbegu zake kwa kinyesi. Na pasipo nyasi kavu, moto ambao zamani ulisafisha miche ya miti hauna cha kuunguza. Ng'ombe naye anaumia vilevile, kwani anakula kile kile anachokula arawla. Hapo ndipo mhifadhi na mfugaji, ambao kwa kawaida hukutana kwenye ugomvi, wanajikuta wakiombea mvua moja.

Sasa tuje kwenye mipango. Mtaalamu akikaa mezani ataorodhesha dawa bila shida: kata miti, panda nyasi, rudisha tembo, choma moto kwa mpango, tifua udongo ulioshindiliwa, punguza mifugo. Zote zina mantiki. Swali ambalo kwa miaka mingi halikuulizwa ni zipi zitakubaliwa na mtu anayelala pale. Timu ya Ali iliuliza, na majibu yalichapishwa mwaka 2019. Wenyeji waliunga mkono kulindwa kwa tembo, kupanda nyasi na kuondoa miti. Kwa moto na kutifua udongo walisitasita. Kupunguza mifugo walikataa. Waliokaa eneo hilo miaka mingi ndio waliotaka zaidi kupanda nyasi, na ndio hao hao waliopinga zaidi kupunguza mifugo. Wenye mifugo michache ndio waliowapokea tembo vizuri zaidi.

Wako wataalamu wanaosoma "hapana" hiyo kama ujinga unaohitaji semina. Mimi naisoma kama hesabu. Tuchukue mfano wa mtu mwenye ng'ombe 40. Ukame mkali ukimnyang'anya watano katika kila sita, atabaki na sita au saba, na kwa hao anaweza kuanza upya. Ukimshauri abaki na 20 tangu mwanzo, ukame ule ule utamwachia watatu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, na hesabu hii ilifanyika kwa mizoga kando ya barabara. Mpango wa kupunguza mifugo usiosema nani atabeba hasara hiyo haujakamilika, hata uwe na ramani za rangi saba.

Kupanda nyasi, kwa upande mwingine, ni kazi inayoonekana. Piga magoti kwenye udongo mtupu wa Ijara, ugonge kwa kidole: unalia kama mkate uliokauka. Maji ya mvua hayaingii, yanateleza juu yake na kwenda zake. Kwa hiyo huchimbwa mashimo ya nusu mwezi, mdomo ukielekea yanakotoka maji, udongo ukirundikwa upande wa chini. Ndani yake hurushwa mbegu za nyasi za hapo hapo na kufunikwa kidogo tu. Ukizifukia sana hazitoki. Matawi ya miiba yaliyokatwa hulazwa juu ili mbuzi asifike. Halafu unangoja, na kungoja ndiyo kazi yenyewe. Nyasi changa zinahitaji kuachwa, misimu miwili ikiwezekana, hadi zishike mizizi na kudondosha mbegu.

Nani atawazuia ng'ombe? Askari wa wanyamapori hawatoshi, na kwenye msitu ulio karibu na mpaka wa Somalia wana mengine ya kuangalia. Watakaoweza ni wazee, kwa heer, yaani sheria ya mila ya Kisomali: malisho haya yafungwe kwa ajili ya jilaal, kiangazi kirefu, na atakayevunja atozwe. Lakini mzee hawezi kulinda uamuzi ambao hakuufanya. Ndiyo maana Ishaqbini inatajwa sana. Hifadhi hiyo ya jamii, kando ya Tana, iliundwa katikati ya miaka ya 2000 na wakazi wa Hara, Korissa na Kotile wakisaidiwa na shirika la Northern Rangelands Trust. Ndani yake walikubali kutenga zaidi ya hekta 2,000 na kuzizungushia uzio usiopitisha wanyama wakali. Mwaka 2012 arawla 48 waliingizwa humo. Miaka michache baadaye idadi hiyo ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara mbili.

Nisiipambe kupita kiasi. Mapema mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti hiyo, Biliqo-Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mtindo ni ule ule, na mwisho ni tofauti. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema makubaliano ya uwekezaji kwenye ardhi ya jamii hayana nguvu mpaka theluthi mbili ya watu wazima wayaidhinishe barazani. Ardhi nyingi ya kaskazini bado haijasajiliwa, hivyo iko mikononi mwa serikali ya kaunti kwa dhamana, na mwanya huo unapitisha karatasi nyingi.

Na tukishasema jamii, ni nani? Wanawake ndio hujenga nyumba za vijiti na mikeka na kutafuta kuni. Ukipanga kukata migunga bila wao, umempangia mtu jiko lake. Kuna pia mfugaji wa Fafi au Wajir ambaye hayupo barazani mwezi Machi, ila mvua ikikataa kwake atafika Agosti na ng'ombe 200, naye kwa mila ana haki ya kupokewa. Orodha ya mahudhurio haimjui.

Basi, ukipewa mpango wa kufufua malisho uusome, ruka picha za arawla na dibaji ya mfadhili. Tafuta ukurasa unaoeleza siku ile ambayo ndani ya uzio kuna nyasi, nje ng'ombe wameanza kulala bila kuinuka, na watu wamesimama langoni: nani ana ufunguo, na alikabidhiwa na nani.