Seneta wa Iowa: Serikali iwe ndogo, ila kwa mkulima ngoja kwanza

Bunge la Marekani linapokuwa na vikao, Jumanne asubuhi Seneta Charles Grassley huwa na miadi ya simu na waandishi wa habari za kilimo wa jimboni kwake Iowa. Hakuna meza kuu wala wapambe. Kila mwandishi ana zamu yake ya kuuliza, na maswali ni yale ambayo mkulima angeuliza mwenyewe: soya imeshukia wapi, ushuru wa China utaisha lini, mbolea itapanda tena, na ile sheria ya ethanoli imekwama kwa nani.

Grassley alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa New Hartford, na mpaka leo familia yake inalima huko mahindi na soya. Aliingia bunge la jimbo mwaka 1959, Bunge la Wawakilishi la Washington mwaka 1975, na Seneti mwaka 1981. Mwaka 2022 wapiga kura walimpa muhula wa nane wa miaka sita. Ni mhafidhina wa chama cha Republican asiyejificha: kodi ziwe chini, matumizi ya serikali yapunguzwe, mahakama ziwe na majaji wenye mtazamo kama wake. Lakini anayefuatilia kazi zake za kila wiki ataona kwamba sehemu kubwa ya muda anaoutumia kwa wakulima huenda katika kuitaka serikali iingilie soko. Hapo ndipo habari yake inapopata uzito.

Iowa ina kaunti 99. Tangu aingie Seneti amekuwa akifanya angalau kikao kimoja cha maswali na majibu katika kila kaunti, kila mwaka. Piga hesabu: ni karibu kaunti mbili kwa wiki, kwa mtu ambaye siku za kazi yuko Washington akipiga kura. Kwa hiyo huzunguka siku za mapumziko ya Bunge na mwisho wa wiki. Baadhi ya kaunti hizo ni ndogo mno. Adams, kwa mfano, haikufikisha watu 4,000 katika sensa ya mwaka 2020, lakini nayo ina zamu yake sawa na Polk yenye mji mkuu wa Des Moines.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea kumwona mbunge akifika na mabati au mchango wa harambee atashangaa, maana hapa hagawiwi mtu kitu. Watu wanauliza, seneta anajibu. Wakati mwingine vikao huchafuka. Agosti 2009, muswada wa afya wa Rais Obama ulipokuwa mezani, umati ulifurika katika miji kama Winterset na Adel. Aprili 2025 huko Fort Madison zamu ikawa ya upande wa pili: wananchi walimpigia kelele wakitaka kujua Bunge litafanya nini kuhusu mtu aliyepelekwa El Salvador kimakosa. Aliondoka na lawama, na safari za kaunti nyingine zikaendelea.

Kazi iliyomjengea jina vijijini ilianza katika miaka ya 1980. Wakulima wa Iowa walikuwa wamekopa wakiitegemea thamani ya ardhi, riba ikapanda, mazao yakakosa bei. Kati ya mwaka 1981 na 1986 wastani wa bei ya ekari moja ya shamba Iowa ulianguka kwa asilimia 63. Benki zilipodai fedha zao, dhamana haikutosha tena kulipa deni. Mwaka 1986 Grassley alisimamia kipengele kipya katika sheria ya ufilisi, kinachojulikana kama Sura ya 12, kilichotungwa kwa ajili ya familia za wakulima. Kinamruhusu mkulima kupanga upya madeni yake na kuyalipa kwa miaka mitatu hadi mitano huku akiendelea kulima. Kilianza kama sheria ya muda, kikafanywa cha kudumu mwaka 2005, na mwaka 2019 kiwango cha deni linaloruhusiwa kilipandishwa kutoka zaidi kidogo ya dola milioni 4 hadi milioni 10. Mhafidhina wa vitabuni angesema aliyeshindwa soko limtoe. Grassley aliona kwamba shamba likipigwa mnada leo kwa bei ya kutupa, anayelinunua ni jirani mwenye ekari elfu kadhaa tayari.

Hofu hiyo hiyo, ya mkubwa kummeza mdogo, ndiyo iliyomfanya agombane na chama chake kuhusu ruzuku. Chini ya sheria ya kilimo ya mwaka 2018, mtu mmoja aliweza kupokea malipo ya hadi dola 125,000 kwa mwaka. Tatizo ni tafsiri ya neno "mtu". Shamba kubwa linaweza kuwaorodhesha ndugu kadhaa kama mameneja, na kila mmoja akapata fungu lake, hata kama mchango wake shambani ni simu chache kwa mwaka. Grassley alitaka shamba liwe na meneja mmoja tu anayestahili malipo kwa kigezo hicho. Badala yake, sheria ilipanua mlango ili binamu na watoto wa ndugu nao wahesabiwe. Alipiga kura ya hapana, muswada ukapita kwa kura 87 dhidi ya 13.

Kwa miaka mingi amerudia kwamba asilimia 10 ya wakulima, wale wakubwa, huchukua takriban asilimia 70 ya misaada. Hoja yake ina mantiki ya kiuchumi kuliko wengi wanavyomkubalia. Ruzuku inayolipwa kwa kufuata ukubwa wa shamba haikai mfukoni mwa mkulima. Huhamia kwenye kodi ya pango la ardhi, na kijana anayeanza na ekari 200 hujikuta akishindana katika mnada na mtu anayelipiwa na serikali. Hata hivyo, mwaka 2025 sheria kubwa ya kodi na matumizi ya Rais Trump ilipandisha kiwango hicho hadi dola 155,000, na safari hii Grassley alipiga kura ya ndiyo. Kifurushi kilikuwa na mengine aliyoyataka, hasa kupunguza kodi. Wakulima wadogo wana haki ya kumuuliza jambo hilo katika kila kaunti.

Kwenye ng'ombe hakulegea. Kampuni nne huchinja takriban asilimia 85 ya ng'ombe wa kunenepeshwa nchini humo. Nyingi ya ununuzi hufanywa kwa mikataba ambayo bei yake hufungwa kwenye bei ya soko huru la wiki. Lakini soko huru lenyewe limebaki na ng'ombe wachache, kwa hiyo mauzo machache huamua bei ya mifugo mingi sana. Agosti 2019 moto ulipounguza machinjio makubwa ya Holcomb, Kansas, bei ya ng'ombe ilishuka huku bei ya nyama ikipanda. Mwaka 2020, corona ilipofunga machinjio, hali ikajirudia. Grassley na Jon Tester wa Montana, wa chama cha Democratic, walipendekeza machinjio makubwa yalazimishwe kununua angalau nusu ya ng'ombe wao kila wiki kwenye soko huru. Muswada mwingine uliolegezwa ulipitishwa na Kamati ya Kilimo ya Seneti Juni 2022, lakini haukufikishwa ukumbini kupigiwa kura. Chama kikubwa cha kitaifa cha wafugaji wa ng'ombe nacho kiliupinga, kikisema mikataba inawasaidia wafugaji wengi na serikali isiwapangie namna ya kuuza. Yaani Grassley alizuiwa kwa hoja ambayo yeye mwenyewe huitumia katika mambo mengine.

Ethanoli ndiyo inayofika mpaka mezani kwetu. Sheria ya mwaka 2005, iliyopanuliwa mwaka 2007, inalazimisha petroli ya Marekani kuchanganywa na nishati ya mimea, na zaidi ya theluthi moja ya mahindi ya nchi hiyo sasa huenda viwandani kutengeneza ethanoli. Bei ya vyakula ilipopaa duniani mwaka 2008, Grassley aliwashambulia waliolaumu mahindi ya mafuta. Katika hili alikuwa na nusu ya ukweli. Mafuta ghali na mavuno mabaya vilichangia, na unga wa Nairobi uliguswa pia na ghasia za baada ya uchaguzi. Lakini huwezi kuondoa mahindi mengi kiasi hicho kwenye soko la chakula na lishe halafu bei isitikisike. Kwa mkulima wa Iowa hiyo ndiyo faida yenyewe. Kwa anayenunua kilo moja moja ni hasara.

Ushuru wa Trump umempa mtihani mgumu zaidi. Julai 2018 China ililipiza kwa kuitoza soya ya Marekani asilimia 25. Mwaka 2019, akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Fedha ya Seneti, Grassley alitangaza kwamba mkataba mpya na Canada na Mexico hautasonga mpaka ushuru wa chuma na aluminiamu dhidi ya nchi hizo uondolewe. Uliondolewa Mei mwaka huo. Mapema mwaka 2025 alimsihi rais hadharani asiiguse mbolea ya potashi kutoka Canada, na Machi ushuru wake ukashushwa kutoka asilimia 25 hadi 10. Aprili, pamoja na Maria Cantwell wa Democratic, alileta muswada wa kufanya ushuru mpya wa rais ufe baada ya siku 60 Bunge lisipouidhinisha. Muswada huo haukufika popote.

Baadaye mwaka huo huo alizuia kwa muda uthibitisho wa maofisa wa Wizara ya Fedha, akidai kwanza kanuni zinazoeleweka kuhusu nafuu ya kodi kwa umeme wa upepo, nafuu ambayo yeye ndiye aliyeiasisi mwaka 1992. Upepo huzalisha zaidi ya nusu ya umeme wa Iowa, na mkulima mwenye mtambo shambani hulipwa pango mahindi yakipata bei au yasipopata. Muhula wa Grassley unakwisha Januari 2029, akiwa na miaka 95.