Kabla Kikundi Hakijanunua Gitaa la Umeme



Vikundi vya vijana na vya kwaya vimekuwa vikituuliza: "Tunataka gitaa la umeme, lakini pesa ni kidogo na hatuna mwalimu. Tuanzie wapi?" Ni swali zuri. Tutalijibu kwa kuanza na kosa letu wenyewe.

Kikundi chetu kilichanga kwa miezi minane, kidogo kidogo, kila baada ya mkutano wa Jumamosi. Pesa zilipofika tukatuma watu wawili mjini. Walirudi na gitaa jekundu linalong'aa, pamoja na spika kubwa ya kubebwa na watu wawili. Tulishangilia sana! Lakini hakuna aliyekuwa ameangalia shingo ya lile gitaa. Ilikuwa imepinda. Nyuzi zilikaa juu mno, vidole vikauma, na hata tukilinganisha sauti zake, wimbo mmoja ukiisha zimeshapotea. Baada ya miezi minne gitaa lilikuwa chini ya kitanda cha mweka hazina, na vijana watatu walikuwa wameacha kuja mkutanoni. Pesa ilituuma, lakini kupoteza wale vijana kulituuma zaidi.

Hatukukosea kwa sababu ya umaskini. Tulikosea kwa sababu tulinunua kwa macho. Basi tunawaandikia haya ili ninyi msiuziwe mbuzi kwenye gunia.

GITAA LA UMEME HUFANYAJE KAZI?

Wazee wetu wengi walisikia gitaa kavu kwanza, lile lisilotumia umeme. George Mukabi wa upande wa Magharibi alilipiga hivyo, na Jean-Bosco Mwenda wa Kongo pia, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Gitaa kavu lina tumbo wazi, na tumbo hilo ndilo linalokuza sauti.

Gitaa la umeme kwa kawaida ni mbao ngumu isiyo na tumbo. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Mafundi huiita pikapu, lakini si lile gari la kubebea mizigo! Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya ule waya. Umeme huo hupita kwenye kebo hadi kwenye amplifaya, ambayo huukuza, na spika huutoa kama sauti.

Kwa hiyo jueni mambo mawili. La kwanza, gitaa lenyewe halihitaji kuchomekwa ukutani. Mnaweza kujifunza bila stima kabisa. Sauti itakuwa ndogo, lakini anayepiga ataisikia, na mtoto aliyelala hataamka. La pili, nyuzi lazima ziwe za chuma. Nyuzi za nailoni hazisikiki kwenye pikapu ya sumaku.

TUGAWE PESA NAMNA GANI?

Wengi hutumia pesa zote kwa gitaa, halafu wanakosa hata ya kebo. Sisi tunashauri hivi. Kwa kila shilingi 100 mlizonazo:

- Shilingi 60 ziende kwa gitaa.
- Shilingi 25 ziende kwa amplifaya ndogo.
- Shilingi 15 ziwekwe kwa kebo, mkanda, nyuzi za akiba na fundi wa kurekebisha.

Hizo 15 za mwisho msizikate. Gitaa la bei ya chini lililorekebishwa vizuri hupigika kuliko la bei ghali lililoachwa hivi hivi. Vile vidude vya kukanyaga kwa mguu vya kubadilisha sauti, viacheni kwanza. Havimfundishi mtu kupiga.

Kuhusu majina, Squier ni jina la bei nafuu la kampuni ya Fender, na Epiphone liko chini ya Gibson. Yamaha nao wana gitaa liitwalo Pacifica, ambalo wanaoanza wengi hulitumia. Lakini jina peke yake halitoshi. Jina huigwa, na hata gitaa la jina zuri huharibika likiachwa juani.

Tunapendelea gitaa ambalo shingo yake imefungwa kwa skrubu. Aliyeeneza mtindo huo ni Leo Fender wa California, ambaye alikuwa fundi wa redio na hakujua kupiga gitaa! Magitaa yake ya mbao ngumu yalianza kuuzwa mwaka 1950. Aliyatengeneza kwa akili ya fundi: kitu kikiharibika, fungua, badilisha, funga. Hata fundi wetu wa jua kali anaweza kufungua skrubu nne.

KUPIMA GITAA KABLA YA KULIPA

Msimtume mtu mmoja. Watume wawili, na mmoja awe anajua kupiga hata kidogo. Muuzaji akikataa gitaa lijaribiwe, ondokeni. Mkague haya:

1. Shingo. Itazame kutoka kichwani kama seremala anavyotazama mbao. Ikiwa imejikunja kama ukambaa, acha. Ikiwa imepinda mbele au nyuma kidogo tu, fundi anaweza kuinyoosha kwa kukaza au kulegeza chuma kilichomo ndani yake.

2. Urefu wa nyuzi. Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Kwenye freti ya 12, nafasi kati ya uzi mnene na freti iwe milimita 2 hivi. Ikizidi sana, vidole vitaumia bure.

3. Kila freti. Bonyeza kila uzi kwenye kila freti na upige. Kazi hii huchukua dakika kumi. Ukisikia mlio wa kukwaruza, au noti inayokufa ghafla, hiyo freti ina shida.

4. Sauti kupanda sawa. Piga uzi wazi, kisha ubonyeze freti ya 12 upige tena. Iwe noti ile ile, ila ya juu. Ikiwa haifanani, muulize fundi kama inarekebishika.

5. Vikazio vya nyuzi. Linganisha sauti, vuta kila uzi taratibu kwa vidole, kisha sikiliza tena. Nyuzi mpya hulegea mwanzoni. Lakini kikazio kikicheza au kuteleza, ndicho kitakachowakatisha tamaa.

6. Umeme. Chomeka kebo, zungusha vifundo vyote, tikisa kebo kidogo. Kelele kifundo kinapozungushwa mara nyingi ni vumbi tu. Sauti ikikatika kabisa, huenda ni waya umeachia. Hilo hulehemiwa kwa gharama ndogo, basi mpunguziwe bei.

AMPLIFAYA: NDOGO YATOSHA

Kwa nyumbani, wati 10 zinatosha na kubaki. Msinunue amplifaya ya ukumbi kabla hamjawa na nyimbo za kupiga ukumbini. Siku ya shughuli mnaweza kukodi.

Watu hutuuliza, "Si tuchomeke tu kwenye redio?" Umeme wa gitaa ni mdogo mno, na mahali pa kuchomeka pa redio pametengenezwa kwa vyombo vyenye nguvu zaidi. Sauti itatoka hafifu na butu. Tena, msipige gitaa la besi kwa nguvu kwenye amplifaya ndogo ya gitaa la kawaida. Spika inaweza kupasuka.

Penye stima ya kukatika katika, au sola ndogo tu, tafuteni amplifaya ya betri au ya kuchaji. Ziko pia ndogo sana za kuchomekwa kwenye gitaa na kusikilizwa kwa hedifoni.

TAHADHARI: STIMA HAINA RAFIKI

Hapa tunaomba msome polepole. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey, wa bendi ya Stone the Crows kutoka Uskoti, alikufa jukwaani mjini Swansea. Alishika maikrofoni ambayo umeme wake haukuwa salama, huku mkono mwingine umeshika nyuzi za gitaa. Alikuwa mtu wa kazi hiyo, si mwanafunzi. Basi:

- Plagi ya pini tatu isikatwe pini, na waya wa athi usiachwe nje. Huo ndio unaookoa maisha.
- Mkihisi gitaa au maikrofoni inatetemesha vidole, acheni papo hapo, zimeni swichi, mwiteni fundi wa stima.
- Msipige pekupeku kwenye sakafu yenye maji, wala chini ya hema linalovuja.
- Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Vyombo vingi vya mitumba kutoka Marekani ni vya volti 120, na vya Japani ni 100. Ukichomeka moja kwa moja, moshi! Soma kibandiko cha nyuma kwanza.
- Msifungue amplifaya ya zamani, hasa ile ya vali za kioo. Ndani hubaki umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

KUJIFUNZA NYUMBANI

Dakika 20 kila siku ni bora kuliko saa tatu Jumapili. Vidole huzoea kidogo kidogo. Vitauma wiki za kwanza, kisha ngozi itakuwa ngumu. Aanzaye atumie nyuzi nyembamba, seti inayoandikwa 9 au 10.

Kulinganisha sauti. Uzi wa 1 ni ule mwembamba, wa 6 ni ule mnene. Kutoka mnene, noti zake ni E, A, D, G, B, E. Mwenye simu janja anaweza kupata programu ya bure ya kupimia. Asiye nayo atumie masikio: bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 5, na uzi wa 5 ukiwa wazi ulie vivyo hivyo. Fanya hivyo wa 5 kwa wa 4, na wa 4 kwa wa 3. Kutoka wa 3 kwenda wa 2 tumia freti ya 4. Kisha wa 2 kwa wa 1 rudi freti ya 5. Msipige kabla ya kulinganisha. Sikio linalozoea sauti mbovu ni kazi kulirudisha.

Kubonyeza. Kidole kiwe nyuma kidogo tu ya freti, si juu ya chuma chenyewe. Tumia ncha ya kidole.

Kordi tatu. Kordi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Anzeni na hizi:

- A: uzi wa 4, wa 3 na wa 2, zote freti ya 2. Piga kuanzia uzi wa 5.
- D: uzi wa 3 freti ya 2, wa 2 freti ya 3, wa 1 freti ya 2. Piga kuanzia uzi wa 4.
- E: uzi wa 5 na wa 4 freti ya 2, wa 3 freti ya 1. Piga nyuzi zote.

Kwa kordi hizi tatu nyimbo nyingi sana za kwaya na za harusi zinapigika. Kazi kubwa ni kuhama. Weka saa, uhame kutoka A kwenda D kwa dakika moja, ukihesabu mara ngapi umeweza. Andika kwenye daftari. Kesho jaribu kuongeza mbili.

Baadaye jaribuni benga. Mtindo huu wa Nyanza ulichukua mdonoo wa nyuzi za nyatiti ukauleta kwenye gitaa, na gitaa humjibu mwimbaji. Chagueni kipande kifupi, mkisikilize mara nyingi, mkitafute noti moja moja. Wapigaji wengi wa kwetu walijifunza hivyo, kwa sikio.

GITAA NI MALI YA KIKUNDI

Wekeni daftari la gitaa. Andikeni nani amelichukua, siku gani, na limerudi likiwa vipi. Gawaneni siku, wasichana na wavulana sawasawa, maana tumeona wasichana wakiachiwa kupiga makofi tu. Baada ya kupiga, futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu ili zisipate kutu. Lisiwekwe karibu na jiko wala juani. Na kila mkipata malipo ya harusi au sherehe, tengeni kiasi cha nyuzi na matengenezo kabla ya kugawana.

Msitegemee utajiri. Tegemeeni kwanza vijana wenye kitu cha kufanya jioni, na kikundi chenye sauti yake.

Lile gitaa letu jekundu je? Fundi mmoja aliinyoosha shingo yake na kuteremsha nyuzi. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko nauli ya wale wawili tuliowatuma mjini. Linapigwa mpaka leo. Kijana mmoja kati ya wale watatu alirudi. Wawili bado tunawasubiri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kati yetu kuna mtu anayejua kupima gitaa? Kama hayupo, tutamwomba nani atusindikize?
2. Tutapigia wapi, na stima ya hapo ni salama?
3. Gitaa likiharibika kesho, pesa ya fundi itatoka wapi?
4. Nani watapangiwa siku za kujifunza, na nani tumemsahau?