Kamera za Wapigapicha wa Habari (3): Pazia Lililoondolewa

Wiki iliyopita tuliishia kwenye NC2000 ya mwaka 1994, kamera ya megapikseli 1.3 iliyowaokoa wapigapicha wa shirika la Associated Press na kazi ya kusafisha filamu. Kilichofuata ni kuiondolea kamera vyuma vinavyocheza ndani yake.

Nikon D1 ya mwaka 1999 ilipiga picha nne na nusu kwa sekunde. Canon EOS-1D X Mark III ya mwaka 2020 ilifikia 16 kwa kutumia kioo, kile kinachoelekeza taswira kwenye jicho la mpigapicha. Kila picha ilidai kioo kiinuke, pazia lifunguke na kujifunga, kioo kirudi chini. Tena kioo kikiwa juu mpigapicha haoni kitu, na mpira haumsubiri.

Sony A9 ya mwaka 2017 haikuwa na kioo. Ilipiga 20 kwa sekunde, kimya. Wapigapicha wa gofu ndio waliofurahi zaidi, maana kwao mlio wa kamera kabla mpira haujapigwa ni kosa kubwa. Nikon Z9 ya mwaka 2021 ikaacha hata pazia.

Hapo ndipo penye utata. Bila pazia, sensa, ile sehemu inayonasa mwanga, husomwa mstari baada ya mstari. Usomaji ukichelewa, kitu kinachokwenda kasi huwa kimeshahama kabla mstari wa mwisho haujafikiwa, na fimbo ya gofu iliyonyooka hutokea imepinda kama upinde. Kwangu mimi, picha hiyo gazetini ni uongo hata kama hakuna aliyeichezea. Sony A9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, husoma sensa nzima kwa mpigo mmoja, hadi mara 120 kwa sekunde. Mkimbiaji wa kiwango cha Usain Bolt hupita mita 12 kwa sekunde akikolea: kwa picha 20 husogea sentimita 60 kati ya picha na picha, kwa 120, sentimita 10. Gharama yake ni kwamba ISO yake, yaani kipimo cha wepesi wa kuhisi mwanga, huanzia 250, na gizani picha huwa na chengachenga zaidi.

Megapikseli zake ni 24 tu, chini ya simu nyingi za dukani. Faili dogo huwahi kufika kwa mhariri.

Kamera hiyo huweza pia kuhifadhi picha za hadi sekunde moja kabla kidole hakijabonyeza. Sijashawishika kwamba huo bado ni ustadi wa mpigapicha, lakini mhariri hataki kujua: analetewa picha 180 za sekunde moja na nusu, naye ana nafasi ya moja.

Wiki ijayo: lenzi ndefu, na kwa nini hugharimu kuliko kamera yenyewe.